Wa Nne Hayupo

Kompyuta ya nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, ni moja, lakini ukiiwasha inakuuliza unataka mlango upi. Kwenye kioo cheusi hujitokeza orodha fupi, Ubuntu juu na Windows chini. Una sekunde 10 za kuchagua. Usipochagua, inaingia Ubuntu yenyewe.

Upande wa Windows ni wa mume wangu, baba wa watoto wetu. Yeye ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani, na programu ya hesabu aliyoizoea haifanyi kazi kwingine. Upande wa Ubuntu aliufungua binti yetu, kifungua mimba, alipokuwa kidato cha tano. Diski ni ya gigabaiti 500. Akaiachia Windows karibu 300, akachukua 160 za Ubuntu, na vijipande vilivyobaki vikawa vya mashine yenyewe. Mama mkwe wangu alimuuliza jina lile la Ubuntu maana yake nini. Binti akamweleza kwamba ni neno la lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, na kwamba aliyeanzisha mfumo huo ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, toleo la kwanza likatoka Oktoba 2004. Bibi akafikiri kidogo. "Basi ni utu huo," akasema, na tangu siku ile yeye huuita upande wa utu.

Binti alipokwenda kusoma Morogoro, upande wa utu ulibaki kwa kitinda mimba, aliye kidato cha pili na anajifunza kuandika programu, na kwangu mimi. Mimi ni fundi wa cherehani. Huko naweka picha za mishono, ramani za magauni, na vipimo vya wateja wa siku nyingi. Huko pia ndiko nilikoweka sauti ya mama mkwe.

Kwa miaka miwili, baada ya isha, nilikuwa nakaa naye barazani na simu mapajani. Yeye ni mzaliwa wa Pangani. Alinisimulia ngano alizosimuliwa na nyanya yake, akanitajia nani kazaliwa na nani, nani kaolewa wapi, nyumba ipi ilikuwa ya nani kabla haijawa ya nani. Zilifika rekodi 37. Nilizihamishia kwenye kompyuta, na simu ile baadaye ikatumbukia kwenye ndoo ya maji ikafa. Kwa hiyo sauti ya yule mama, akiwa na nguvu zake na kumbukumbu yake kamili, ilikuwa mahali pamoja tu duniani.

Kuna usumbufu mmoja tuliouvumilia muda wote huo, na nautaja kwa sababu utakuja kutusaidia. Ndani ya kompyuta kuna saa inayotembea kwa betri hata umeme ukikatika. Ubuntu huiweka saa hiyo kwa majira ya ulimwengu, yale yanayofuata Greenwich, kisha hutuongezea saa 3 za Afrika Mashariki inapotuonyesha. Windows huichukulia saa hiyohiyo kuwa tayari ni ya hapa. Basi mtu akitoka Ubuntu, anayemfuata akaingia Windows saa nne asubuhi, ataona imeandikwa 7:00, yaani saa moja. Baba yao akikuta saa imerudi nyuma hivyo alijua kwamba kabla yake alikuwapo mtu wa Ubuntu, na jina la kitinda mimba lilisikika hadi uani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Kitinda mimba alikuwa kwenye kompyuta tangu asubuhi. Mimi nilikuwa jikoni, samaki nimeshawakaanga, nikagundua sina nazi. Nikamwita. Akaitikia, "Naam mama, dakika moja." Nikamwita mara ya pili kwa sauti anayoijua. Akainuka, nikampa hela ya nazi mbili. Hajafika kona ya barabara, umeme ukakatika. Ulirudi magharibi.

Baada ya chakula baba yao akakaa afunge hesabu, maana kesho yake kikundi kilikuwa na mkutano. Akawasha. Feni ikavuma, taa ikawaka, kioo kikaangaza na kuzima. Orodha haikuja. Ilikuja mistari michache ya Kiingereza, na chini yake neno moja na mshale: grub>. Kijiti kidogo kikawa kinakonyeza mbele ya mshale, kinasubiri. Akazima, akawasha. Vilevile. Akachomoa waya ukutani, akahesabu hadi sitini, akarudisha. Vilevile.

"Inawaka, lakini haiingii," akasema.

Nikauliza nani aliitumia mwisho. Kitinda mimba akajibu kwamba alikuwa anasoma, akaenda kuoga.

Baba yao alikuwa na haki ya kuhangaika. Michango ya watu zaidi ya 30 ilikuwa mle ndani. Akampigia fundi mmoja wa kompyuta, naye akaja usiku uleule na mkoba wake, kijana mwenye adabu. Alitazama kioo kwa muda wa kumeza mate mara moja. "Hii window imekufa, mzee. Tunapiga window upya, elfu ishirini, saa moja tu imekwisha." Akatoa flashi mkobani.

Nikamuuliza, "Na vilivyomo?"

"Vitafutika, mama. Lakini itakuwa mpya kabisa."

Nikamwambia hapana. Baba yao akanitazama, nikarudia: hapana, baba, tusubiri. Nikampa kijana nauli yake na glasi ya maji, nikamshukuru kwa kuja usiku.

Nataka kulisema hili kwa uzito wake. Mjini kwetu kupiga window kumekuwa dawa ya kila homa. Kompyuta ikiwa nzito, piga window. Ikigoma kuingia, piga window. Na ni kweli baada ya hapo itawaka, kwa sababu umeiondolea kila kitu kilichokuwa na historia. Sijui ni nyumba ngapi zimepoteza picha za harusi na za wazazi waliotangulia kwa namna hiyo, wakalipia huduma na kusema ahsante. Katika kazi yangu mshono ukienda kombo unafumuliwa, hata kama ni usiku kucha na wembe. Mkasi hauingii mpaka ujue unakata nini, kwa kuwa kitambaa kikishakatwa hakuna fundi wa kukirudisha. Na pale mezani hapakuwa na mtu aliyejua ni kipi kimeharibika.

Nikampigia binti Morogoro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kompyuta haiingii. Fundi alitaka kupiga window, nimemkatalia."

Akavuta pumzi nikaisikia. "Umefanya vizuri sana mama. Usimruhusu mtu yeyote aandike kitu humo. Sasa nisomee kilichopo kwenye kioo, herufi kwa herufi, usiruke kitu."

Nikamsomea. Kiingereza changu ni cha darasani, na wakati nasoma nilikumbuka kwamba mwaka ule ule wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyosema Kiswahili tangu menyu ya kwanza. Ningefurahi sana kama na mashine inapoumwa ingetuambia kwa lugha yetu panapouma.

Binti akanieleza. Kompyuta yenyewe ikiamka haijui Windows wala Ubuntu. Inachojua ni kwenda kwenye chumba kidogo mwanzoni mwa diski, patisheni ya megabaiti 100, ambako kila mfumo umemweka bawabu wake. Bawabu wetu anaitwa Grub. Ndiye huleta ile orodha ya milango. Ila yeye hulala katika kile chumba kidogo, na maelekezo yake ya kazi, ikiwemo orodha yenyewe, yamewekwa ndani ya upande wa Ubuntu. "Kwa hiyo mama, bawabu yupo, yu macho. Ameyatafuta maelekezo yake hakuyaona. Huo mshale anakuuliza wewe: nifanye nini? Andika l na s, ubonyeze Enter."

Nikaandika ls. Ukaja mstari mmoja wa mabano. Nikausoma taratibu: hd0, yaani diski ya kwanza, kwa sababu Grub huhesabu diski kuanzia sifuri. Kisha vipande vya diski hiyo, ambavyo huhesabiwa kuanzia moja, navyo vilipangwa kutoka mwisho kuja mwanzo. gpt5. gpt3. gpt2. gpt1.

"Rudia mama."

Tano. Tatu. Mbili. Moja.

Nina watoto, na nimezoea kuhesabu vichwa gizani umeme ukikatika. Sikuhitaji kuelezwa. "Wa nne hayupo," nikasema.

Simu ikawa kimya kidogo. Kisha akasema kwa upole, "Wa nne ndiye Ubuntu."

Baba yao alikuwa amesimama nyuma yangu. Mama mkwe alikuwa barazani na tasbihi yake, mlango uko wazi, na mimi nilikuwa nafikiria rekodi 37.

Binti akasema tuangalie kwanza kilichosalia. "Andika exit." Hilo neno linamwambia bawabu aondoke, na mashine ikiona huyu ameondoka humgeukia bawabu anayefuata kwenye foleni, ambaye ni wa Windows. Nikaandika. Kioo kikawa cheusi, kikawa cheusi tena kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha dirisha la bluu likatokea. Baba yao alisema Alhamdulillahi mara tatu. Vitabu vyake vyote vilikuwapo, hadi mchango wa mwisho aliouingiza Ijumaa. Window haikuwa imekufa hata kidogo.

Niliangalia pembeni chini ya kioo. Saa ilikuwa sawasawa. Haikurudi nyuma hata dakika.

Nikaelewa, nikanyamaza. Mtu wa mwisho hakuwa Ubuntu anasoma, alikuwa Windows. Binti akawa anaendelea kutoa masharti simuni: baba afanye hesabu zake, anakili kwenye flashi, azime. Asifungue kifaa cha kugawa diski. Pale palipo wazi pasiguswe na mtu, na kompyuta iachwe ikae hivyo hadi yeye atume kitu. Baba yao alipomaliza nilichomoa waya, nikaifunika kompyuta na kanga kama tunavyomfunika mgonjwa aliyepata usingizi.

Kitinda mimba alikuja usiku wa manane. Nilikuwa bado kwenye cherehani, nina nguo ya mtu ya Jumapili. Akakaa chini kwenye mkeka, akaanza kuokota vipande vya uzi.

"Mama, ni mimi."

"Najua, baba. Nieleze."

Alikuwa ametafuta nafasi ya mchezo mkubwa upande wa Windows. Akafungua kile kifaa kinachoonyesha diski kama ubao uliokatwa vipande. Akaona kipande cha gigabaiti 160 hakina jina wala herufi. Windows haisomi mpangilio wa mafaili wa Ubuntu, kwa hiyo hukionyesha kama kiwanja kisicho na mwenyewe. Na yeye, ambaye kila siku hufungua Ubuntu, hakuwahi kuambiwa kwamba ukiwa ng'ambo ya pili ndivyo inavyoonekana. Akakifuta. Alikuwa ameshafungua hatua inayofuata, ya kutengeneza kipande kipya na kukipangilia upya kwa ajili ya Windows, nikamwita.

"Nazi," nikasema.

"Nazi, mama."

Alikuwa analia. Nilimwambia asogee, nikamshika kichwa. Sikumpiga wala sikumsema, maana maumivu yalikuwa yameshafika yalikotakiwa kufika. Nilimuuliza kitu kimoja tu: baada ya kufuta, uliandika chochote juu yake? Akaapa hapana. Umeme ulikatika kompyuta ikiwa imebaki palepale.

Nilipomweleza binti asubuhi, alicheka kwa furaha hadi nikashangaa. Akaniambia sababu. Mwanzoni mwa diski kuna jedwali, na kila patisheni imeandikwa humo kwa baiti 128 tu: inaanzia wapi, inaishia wapi, ya aina gani. Kufuta patisheni ni kufuta ule mstari. Gigabaiti 160 zenyewe hazikuguswa. Hapo nikaona kwa macho yangu mwenyewe daftari langu la vipimo: mtu akichana ukurasa wa mteja, kitambaa cha mteja bado kiko rafuni kimekunjwa, nisichokuwa nacho ni maandishi ya kunikumbusha ni cha nani. Lakini kama kijana angekamilisha hatua ile ya pili, Windows ingeandika mpangilio wake juu ya mwanzo wa kipande, na tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Nazi mbili za mchuzi ndizo zilizosimama katikati.

Binti akatayarisha flashi ya gigabaiti 16 yenye Ubuntu kamili inayoweza kuwaka kutoka humo humo, akaifunga kwenye bahasha, akaikabidhi basi. Jumatatu jioni mimi na kitinda mimba tulikwenda kuipokea stendi ya Kange. Aliishika mkononi njia nzima, hakuitia mfukoni.

Usiku ule nilimkalisha yeye kwenye kibodi. Baba yao hakupendezwa, nikamwomba aniachie. Nilitaka mikono iliyofuta ndiyo irudishe. Simu ikawa mezani imefunguliwa sauti, dada yake Morogoro anaongoza. Akawasha akiwa anabonyeza F12, mashine ikauliza iamkie wapi, akachagua flashi. Akachagua kujaribu bila kusakinisha, na Ubuntu ikawaka kutoka kwenye flashi pasipo kuigusa diski. Nikawasha bando langu, simu ikagawa intaneti, akasakinisha programu inaitwa TestDisk, ya Mfaransa Christophe Grenier, isiyouzwa. Kazi yake ni kupita juu ya diski ikitafuta alama ambazo kila mpangilio wa mafaili hujiwekea ndani yake wenyewe, hata kama jedwali limeusahau.

Ikauliza diski ipi. Zilikuwa mbili, ya 500 na flashi ya 16. "Soma ukubwa kabla ya kubonyeza," dada mtu akasema. Akasoma mara mbili. Ikauliza jedwali ni la aina gani, akachagua GPT. Akaianzishia utafutaji wa haraka. Hatukukaa sana. Ikaja orodha, na katikati yake mstari mmoja wa ext4, gigabaiti 160.

"Usiandike bado. Bonyeza P uone ndani."

Akabonyeza. Yakatokea majina ya mafolda. Akaingia moja, akaingia jingine, na nikaliona nililoliandika mwenyewe: Sauti za Mama. Nilikaa kitini. Nilikuwa sijajua kwamba nimesimama muda wote ule.

Binti alikataa kuandika jedwali kabla ya kunakili. Alisema tunachokiona sasa ni chetu, tukitoe kwanza. Kijana akazichagua rekodi zote, akazinakili kwenye flashi ya baba yao, na tukazihesabu: 37. Ndipo akarudi nyuma, akahakikisha kila mstari wa patisheni upo kwenye orodha, ile ya Windows pamoja na huu, akachagua Write. Ikamuuliza kama ana hakika. Akanitazama. Nikamwambia andika, mwanangu.

Tukachomoa flashi, tukawasha upya. Orodha ikaja, Ubuntu juu na Windows chini, sekunde 10 zikaanza kushuka. Nilidhani kutakuwa na kazi nyingine ya kumrudisha bawabu, lakini haikuhitajika. Binti akanieleza kwamba Grub haimtafuti Ubuntu kwa namba ya kipande. Humtafuta kwa kitambulisho kirefu cha herufi na tarakimu kilichoandikwa ndani ya kipande chenyewe siku kilipotengenezwa, nacho hakikuwa kimebadilika. Kabla ya kukata simu akamsomea mdogo wake amri ya mstari mmoja, timedatectl set-local-rtc 1, na ugomvi wetu wa saa 3 ukaishia hapo.

Mama mkwe hakuwa ameambiwa chochote. Alisikia sauti yake inatoka ndani, akaja polepole akiegemea ukuta, akakaa kwenye kiti changu. Ilikuwa rekodi ya 12, anapotaja watoto wa nyanya yake. Alisikiliza amefumba macho, vidole vinahesabu kwenye tasbihi. Kisha akainua mkono.

"Simamisha. Hapo nimemruka mmoja. Alifariki mdogo, lakini alikuwapo." Akanigeukia. "Washa simu, mwanangu."